Je, Kudai Haki ni Kukosa Shukrani?

Liko swali ambalo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hujiuliza moyoni mwake, hata kama halitamki mbele ya watu. Shule imempokea mwanawe. Walimu wamwita kwa jina lake, wamshika mkono, wamwonea huruma. Hata hivyo mzazi aona ya kuwa mtoto hafundishwi ipasavyo. Je, aseme? Na akisema wasimsikilize, yafaa awashtaki mbele ya sheria watu wale wale waliomtendea mwanawe wema? Au huko ndiko kukosa shukrani, na heri anyamaze?

Swali hili si la nchi moja. Lakini katika nchi ya Marekani limepelekwa mbele ya mahakimu kwa muda wa miaka hamsini na zaidi, na huko kila upande umetoa hoja zake hadharani. Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tukitazama yaliyotokea huko twaweza kulipima swali lenyewe vizuri zaidi kuliko tukilitazama kwa kukisia tu.

Tuanze na shauri moja mashuhuri. Katika miaka ya 1970, katika mji mmoja wa jimbo la New York, binti mdogo aliyeitwa Amy Rowley aliandikishwa katika shule ya kawaida. Alikuwa kiziwi, na wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi pia. Shule haikumpokea kwa uso wa kukunja. Baadhi ya wakuu wake walikwenda kujifunza lugha ya alama kabla mtoto hajafika, na katika ofisi ya mwalimu mkuu iliwekwa mashine ya kupelekeana maandishi kwa simu, wapate kuzungumza na wazazi wake. Mtoto alipewa chombo cha kumsaidia kusikia, mwalimu wa peke yake kwa saa moja kila siku, na saa tatu kwa juma za kufundishwa kutamka. Alikuwa na akili nyingi, akapanda darasa kila mwaka bila taabu.

Lakini wazazi waliona jambo ambalo halikuonekana katika alama za mitihani. Sehemu kubwa ya yaliyosemwa darasani ilimpita mtoto wao. Wenzake walisikia yote. Yeye alidaka vipande vipande kwa kutazama midomo ya mwalimu, na mapengo aliyajaza kwa akili yake. Waliomba awekewe mkalimani wa lugha ya alama. Shule ikakataa, kwa kuwa mtoto alikuwa akifaulu. Wazazi wakaenda mbele ya sheria, na shauri likafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani.

Je, watu hawa walikosa shukrani? Kabla ya kujibu, yatupasa kujua sheria waliyoitegemea ilitoka wapi.

Kwa miaka mingi shule za serikali huko Marekani ziliweza kumfungia mlango mtoto kipofu, kiziwi, au mwenye akili pungufu, wala hakuna aliyeulizwa kwa nini. Mnamo mwaka 1972 hakimu mmoja katika mji mkuu, Washington, alisikiliza shauri la watoto saba waliofukuzwa au kukataliwa shuleni, shauri lijulikanalo kwa jina la Mills. Wakuu wa shule walijitetea kwamba fedha hazitoshi. Hakimu akawajibu kwamba fedha zisipotosha kwa wote, zigawanywe kwa haki, asiwepo mtoto hata mmoja anayeachwa nje kabisa; upungufu wa mfuko wa umma usimwangukie mtoto mwenye ulemavu kwa uzito kuliko wenzake. Yafaa kulitia neno hili akilini, maana hoja ya fedha hurudi kila mara.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria iliyowafungulia watoto hao milango nchini kote. Baraza la Kongresi lilikuwa limehesabu watoto wenye ulemavu zaidi ya milioni 8. Milioni 1 kati yao walikuwa wamefungiwa nje ya shule kabisa, na zaidi ya nusu ya wote hawakupata elimu iliyowafaa. Sheria ilimpa kila mmoja wao elimu ya bure inayomfaa, tena iandikwe katika mpango wake mwenyewe, na mpango huo utengenezwe na walimu pamoja na wazazi wakiwa wamekaa meza moja.

Tena sheria iliongeza jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mzazi asiyeridhika aliruhusiwa kushtaki. Kwa utaratibu wa leo, shule yapaswa kumwita mazungumzoni kabla ya siku 15 kupita tangu alete malalamiko yake. Zikipita siku 30 bila mapatano, shauri husikilizwa na mwamuzi asiye wa upande wowote, naye hupewa siku 45 za kutoa hukumu, ingawa mara nyingi siku hizo huongezwa. Asiyeridhika na hukumu hiyo aweza kwenda mahakamani. Na wakati wote huo mtoto hukaa mahali alipokuwa, isipokuwa pande zote mbili zimekubaliana vingine, au liko jambo la hatari ambalo sheria yenyewe imelitaja.

Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa. Maana ni rahisi kumshtaki mtu aliyekufungia mlango. Lakini sasa milango ilikuwa wazi, na mzazi alijikuta akishindana na watu waliomkaribisha ndani.

Wako wanaosema kwamba mashindano haya ni mabaya, nao si watu wajinga. Husema kwamba mwalimu ana watoto wengi, na saa za siku hazizidi. Husema kwamba mfuko wa shule ni mmoja, hivyo anachoongezewa huyu chaweza kupungua kwa yule. Nao wana haki kulalamika juu ya mfuko huo, kwa maana serikali kuu ya Marekani iliahidi katika sheria ya 1975 kuchangia mpaka asilimia 40 ya gharama ya ziada, na haijapata kuitimiza ahadi hiyo hata mwaka mmoja; kwa kawaida hutoa chini ya nusu yake. Zaidi ya yote husema kwamba kesi huua imani. Mwalimu aliyeshtakiwa huanza kuandika barua za kujikinga badala ya kufundisha, na mzazi huanza kuvizia makosa badala ya kusaidia. Mwisho wa yote mtoto hukaa katikati ya watu wasioaminiana.

Maneno haya yana ukweli ndani yake, nasi hatutaki kuyadharau. Lakini yafaa tuulize: mzazi akiyafuata mpaka mwisho, akanyamaza na kuamini, mtoto atakuwa salama?

Hebu tazama shauri jingine, lililoamuliwa mwaka 2023. Kijana mmoja kiziwi, wa familia iliyohamia kutoka Mexico, alisoma katika shule za mji wa Sturgis, jimbo la Michigan, tangu umri wa miaka 9 mpaka miaka 20. Kama alivyodai katika mashtaka yake, wasaidizi aliowekewa hawakuijua lugha ya alama, na wazazi wake hawakuelezwa kweli juu ya ujuzi wao. Kila muhula alama nzuri zililetwa nyumbani, akapandishwa darasa. Wazazi waliamini kwamba mtoto wao angemaliza na kupata cheti kama wenzake. Ilipobaki miezi michache tu, waliambiwa kwamba cheti hicho hatakipata.

Tuifikiri hali yao. Hawakuwa wagomvi. Hawakuwasumbua walimu. Walipokea karatasi za alama, wakashukuru. Na kama madai yale ni kweli, shukrani yao ndiyo iliyolifunika kosa kwa miaka kumi na zaidi. Shule ilikubali baadaye kumlipia masomo katika shule ya viziwi, na Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, ikamruhusu pia kudai fidia ya fedha kwa sheria nyingine inayokataza ubaguzi. Lakini hakuna hakimu awezaye kumrudishia mtu miaka yake ya utoto.

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo kiini cha jambo kinapoonekana. Fadhili na haki zote mbili ni njema, lakini hazifanani. Fadhili hutoka kwa mwenye nacho. Yeye huchagua kiasi, huchagua wakati, naye aweza kuacha akichoka. Anayeipokea hana neno ila kushukuru. Haki ni mali ya anayeipokea hata kabla hajaipata, na anayeishika mkononi ameshika amana. Mtu akikurudishia amana yako kwa uso mkunjufu, mshukuru kwa uso wake mkunjufu. Akikurudishia nusu, huwi mtovu wa adabu ukimwuliza nusu ya pili iko wapi. Ndiyo maana wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakungoja apendwe ndipo apewe.

Basi wazazi wa yule binti wa New York hawakukosa shukrani. Wangaliweza kuwashukuru wakuu wa shule kwa moyo wote kwa ajili ya ile mashine na yale masomo ya alama, na siku ile ile kuwaambia kwamba mtoto bado hasikii yanayosemwa darasani. Maneno hayo mawili hayapingani.

Tena, anayedai hapo si yule aliyefadhiliwa tu. Mzazi hadai cha kwake. Mtu mzima aweza kuisamehe haki yake mwenyewe kwa ajili ya amani, na pengine atasifiwa. Lakini haki ya mtoto si yake kuisamehe. Yeye ni mlinzi wake tu, na mlinzi anayetoa mali aliyokabidhiwa ili majirani wamwone mpole, huo si upole.

Sasa labda msomaji atauliza: haki hiyo ni kiasi gani? Maana neno elimu halina mwisho, na hakuna nchi iwezayo kumpa kila mtoto kila kitu. Swali hili ni la busara, na Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe imelijibu kwa hatua.

Katika shauri la Rowley, mwaka 1982, wazazi walishindwa kwa kura 6 dhidi ya 3. Wengi wa mahakimu walisema kwamba sheria haikuahidi kila mtoto afikie upeo wa uwezo wake. Yatosha mpango wake umpatie faida ya elimu, na binti huyu alikuwa akipanda darasa. Wale watatu walijibu kwamba kwa kipimo hicho hata mwalimu mwenye sauti kubwa angehesabiwa kuwa ametosha. Kwa miaka 35 iliyofuata mahakama kadhaa za chini zilikishusha kipimo zaidi, zikaridhika mtoto akipata faida iliyozidi kidogo tu ya bure. Hata mwaka 2017 likaja shauri la mvulana mwenye usonji kutoka jimbo la Colorado, ambaye mipango yake ya kila mwaka ilirudia yale yale bila kumsogeza mbele. Mara hii mahakimu wote 8 walikubaliana. Walisema kwamba mpango hauna budi kumwezesha mtoto kuendelea mbele kwa kadiri ya hali yake, na malengo yake yawe ya kumpa juhudi. Kumweka tu darasani mwaka hata mwaka, akingoja umri wa kutoka, si kumwelimisha.

Kipimo hiki cha pili chatupendeza kwa sababu chamtazama mtoto mwenyewe. Hakisemi apewe sawa na wote, maana kiziwi na kipofu hawahitaji kitu kimoja. Hakisemi apewe kila atakachotaka mzazi. Chauliza kama mtoto huyu, kwa hali aliyo nayo, anasogea. Hili mwalimu mwema hujiuliza bila kuambiwa na sheria; na yule asiyejiuliza yafaa aulizwe.

Lakini tusimalize hapa, kana kwamba sheria imekwisha kuponya yote. Kuna kasoro ndani ya haki hii, nayo ni ya kusikitisha. Mlango wa mashtaka umewekwa mkononi mwa mzazi. Kwa hiyo anayeweza kuufungua ni mzazi mwenye elimu, mwenye nafasi, na mwenye fedha. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayeleta malalamiko ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mara nyingi huyo ni mzazi, ingawa daftari na wataalamu wako upande wa shule. Mwaka 2006 iliamua kwamba mzazi hata akishinda hatarudishiwa fedha alizowalipa wataalamu waliomsaidia. Mwaka 2007 ilimruhusu mzazi kusimama mahakamani bila wakili. Ni ruhusa njema, lakini mama anayefanya kazi za usiku na asiyeijua lugha ya sheria atasimamaje mbele ya mawakili wa shule?

Watoto wanaohudumiwa chini ya sheria hii walikuwa kama milioni 7.5 katika mwaka wa shule wa 2022 na 2023. Ni wangapi kati yao wana mzazi awezaye kushtaki? Haki inayomngoja mwenye nguvu aje kuichukua huelekea kuwa fadhili tena, ila safari hii imevaa nguo za sheria.

Wengine wameliona jambo hili. Jimbo la New York mnamo 2007, na New Jersey mnamo 2008, yaliweka sheria kwamba shule ndiyo ithibitishe kuwa mpango wake unafaa. Na mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa sauti moja tena, ilisikiliza kilio cha binti mmoja wa Minnesota mwenye kifafa, ambaye asubuhi hawezi kusoma kwa ajili ya maradhi yake, na shule ilikataa kumpa masomo ya jioni. Mahakama za chini zilitaka athibitishe kwamba shule ilitenda kwa nia mbaya au kwa kosa kubwa kupita kiasi. Mahakama ya Juu ikasema kwamba mwanafunzi asiwekewe kipimo kizito kuliko wenye ulemavu wengine wanaodai haki zao chini ya sheria zinazokataza ubaguzi. Nasi twaona hekima yake. Mtu aweza kukunyima haki yako bila kukuchukia. Moyo wake mwema wampunguzia lawama, lakini haukurudishii ulichokosa.

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa maana nchi yetu ya Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Katika mkataba huo elimu ya mtoto mwenye ulemavu yaitwa haki. Basi nasi tumekwisha kulitamka neno hilo, na neno hilo halirudi nyuma. Mzazi wa Kitanzania anayekwenda kumwuliza mwalimu mkuu kwa nini mwanawe kipofu hana vitabu vya nukta nundu hapigi magoti kuomba. Aulizia amana.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo wale waliosema kwamba kesi huua imani wametufundisha, nasi twalipokea. Namna ya kudai nayo hupimwa. Mzazi na atangulize maneno kabla ya mashtaka, na aseme kweli yote, hata ile isiyomsaidia. Ajue kwamba mwalimu naye mara nyingi hupungukiwa, na kwamba kosa laweza kuwa katika mfuko wa serikali kuliko katika moyo wa mtu. Marekani kwenyewe sheria imeweka njia ya usuluhishi, ambapo mtu wa kati huwakalisha pande mbili bila hukumu, nayo huwafaa wengi. Mwalimu naye asimhesabu mzazi anayeuliza kuwa adui. Heri mzazi anayeuliza leo kuliko yule atakayegundua baada ya miaka kumi.

Na sisi tulio nje ya ugomvi huo tuna sehemu yetu. Kuna mtoto ambaye mzazi wake hajui kusoma, au amekufa, au anaona aibu. Haki ya mtoto huyo ni ile ile, lakini hakuna wa kuidai. Jirani anayejua sheria, mjumbe wa kamati ya shule, katekista, mwalimu mstaafu, yeyote aliye na sauti, amwazime mtoto huyo sauti yake. Aende naye mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu, aketi karibu na mama yake, na asaidie kuuliza.